Injini ya Massey Ferguson 35 Imekuwa Ngumu Kuzunguka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Iliposhika

Trekta la kale likikaa miaka bila kuwashwa, mtu wa kwanza kulijaribu hufunga betri, hubonyeza stata, husikia "tak" moja, kisha husema injini imekufa. Hapo ndipo matrekta mazuri huanza safari ya kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu injini nyingi za namna hiyo hazijafa. Zimeshika mahali, na mahali hapo hutafutika kwa utaratibu, kwa zana ambazo gereji ya kawaida inazo.

Nitazungumzia Massey Ferguson 35 lenye Perkins ya silinda tatu, modeli 3.152. Lilitengenezwa Banner Lane, Coventry, Uingereza, na injini hiyo ilianza kufungwa humo mwishoni mwa 1959 kuchukua nafasi ya dizeli ya Standard ya silinda nne, iliyokuwa na sifa mbaya ya kukataa kuwaka kwenye baridi. Massey Ferguson 135, lililotoka mwishoni mwa 1964, lina ndugu wa injini hiyo hiyo, AD3.152. Kipenyo cha silinda ni milimita 91.44, mwendo wa pistoni milimita 127, ujazo lita 2.5. Mwenye 35 na mwenye 135 wote watafaidika, na hata mwenye trekta jingine la dizeli atafuata njia ile ile, ila vipimo vitabadilika.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Ugumu unaousikia mkononi ni jumla ya misuguano mingi: pistoni, beringi, sili, valvu, pampu, klachi. Ukiongeza nguvu unailazimisha jumla yote kwa pamoja, na kitakachovunjika ni kile dhaifu, si kile kilichoshika. Ukiondoa mzigo mmoja mmoja na kupima kila mara, injini yenyewe itakuonyesha penye tatizo. Kwa hiyo trekta lisivutwe na gari likiwa kwenye gia ili "kuliachia". Magurudumu ya nyuma yana nguvu kubwa mno kupitia gia, na kinacholipia ni kon-rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) kupinda au slivu (bomba la ukuta wa silinda) kupasuka.

Kabla ya kushika spana

Muulize aliyelitumia mwisho: lilizimwa zima, au lilizimika lenyewe? Lililoegeshwa likiwa zima likasahaulika lina uwezekano mkubwa wa kutu. Lililozimika shambani baada ya kuchemka au kukosa oili huenda limeungua beringi au limekwangua pistoni, na hapo kulowesha mafuta ni kupoteza muda. Nenda moja kwa moja kwenye kufumua. Tazama pia ekzosi. Bomba lililosimama wima bila kifuniko huingiza mvua, na maji hushuka hadi kwenye silinda ambayo valvu yake ya kutolea moshi ilibaki wazi. Ndiyo maana mara nyingi silinda moja inakuta kutu kali huku mbili za jirani ziking'aa.

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa imekuwa kama maziwa, au maji yanatoka kwanza ukifungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), umeshajua maji yalifika chini. Mwaga yote.

Ondoa betri, weka vigingi kwenye magurudumu, gia iwe huru, na vuta kizimio cha dizeli kibaki kimevutwa. Injini ya dizeli haihitaji umeme ili ilipuke mara moja na kukurudishia chuma ulichoshika.

Ni ugumu wa aina gani?

Zungusha kwa nati ya puli ya krenki (shafti kuu inayogeuzwa na pistoni) mbele, kwa soketi kubwa na mpini wa nusu mita. Usitumie feni. Mwelekeo sahihi ukiwa umesimama mbele ya trekta ni kufuata mishale ya saa. Kwenda kinyume unaweza kuilegeza nati yenyewe, kwa hiyo ukihitaji kuirudisha injini nyuma, fanya hivyo kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) baada ya kutoa stata.

Angalia mojawapo ya mambo manne. Injini haisogei hata kidogo. Au inasogea kidogo kisha inagota kwa sauti ya chuma, ikirudi nyuma inagota tena. Au inazunguka yote lakini ina sehemu moja nzito. Au ni nzito sawasawa mzunguko mzima.

Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu injini nzima ya silinda tatu pia ina sehemu nzito. Kila silinda hubana hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo utakutana na uzito mara tatu katika mizunguko miwili, kila baada ya nyuzi 240. Uzito huo ni laini, na ukiushikilia kidogo hupungua wenyewe kadiri hewa inavyovuja. Huo ni uzima. Uzito wa ugonjwa haupungui ukisubiri.

Kama kuna sehemu moja nzito, piga alama ya chaki kwenye puli na uhesabu. Ikirudi kila mzunguko, shaka iko kwenye krenki, flaiwili au kon-rodi. Ikirudi kila mzunguko wa pili, shaka iko kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) na valvu, kwa kuwa kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki. Dakika tano za chaki zinaweza kukuokolea kufumua injini nzima.

Sasa tengeneza kipimo. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ifunge kwenye mpini sentimita 50 kutoka katikati ya puli, uvute kwa pembe mraba na usome kilo wakati injini inaendelea kusogea. Zidisha kilo kwa 5, umepata takribani nyutoni-mita. Andika. Namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha baada ya kila kitu utakachotoa.

Vua mizigo ya nje

Anza na feni belti. Ikitoka, zungusha pampu ya maji na dainamo kwa mkono, kila moja peke yake. Beringi ya pampu ya maji iliyoota kutu inaweza kuisumbua injini nzima.

Kisha stata. Meno yake yakibaki yamenasa kwenye flaiwili, injini hugota pande zote mbili kama iliyofungwa kabari, na mtu akaamua pistoni zimeshika. Itoe kabisa, ni boliti chache, na tundu lake litakupa pa kuona flaiwili na pa kusukumia meno.

Upande wa nyuma, weka mkono wa PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine za shambani) katikati. Kwenye matrekta haya pampu ya haidroliki inaendeshwa na shafti ya PTO ndani ya bodi la katikati, kwa hiyo PTO ikiwa imeshikana na injini unazungusha pia pampu iliyojaa oili nzito ya miaka. Kanyaga klachi upime tena. Kama ugumu umepungua ukiwa umekanyaga, tatizo liko nyuma ya flaiwili. Kama hakuna tofauti, usiamini mara moja, maana sahani ya klachi huganda kwenye flaiwili na pedali ikashuka bila kuachanisha chochote. Tazama kupitia tundu la ukaguzi huku mwenzako akikanyaga.

Imebaki pampu ya dizeli, ya kampuni ya CAV. Dizeli iliyokauka ikageuka gundi, au maji, huweza kuishika kwa ndani. Kwaruza mstari mwembamba unaopita kwenye flanji na kwenye bodi ya injini ili kuirudisha mahali pake, kisha itoe. Injini ikilainika, pampu iende kwa fundi wa pampu. Usiifungue juu ya meza yenye vumbi. Vipande vyake vya ndani vimesagwa kwa vipimo ambavyo punje moja ya mchanga inaviharibu.

Nozeli na valvu

Toa nozeli (vinyunyizia dizeli) zote tatu kabla ya kujaribu tena kuzungusha. Unaondoa mbano wa hewa, na pia unajilinda na maji yaliyojaa silinda. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kuyakuta, kon-rodi inapinda. Nozeli zikiwa nje, zungusha polepole ukiwa umekaa kando. Kama kuna maji au dizeli itaruka kupitia tundu. Nozeli iliyoganda usiing'oe kwa tindo: nyunyiza mafuta ya kupenyeza, subiri hadi kesho, izungushe kushoto na kulia ikipanda.

Fungua kifuniko cha valvu. Legeza skurubu za tapeti (za kurekebisha mwanya wa valvu), kisha toa shafti ya roka (mikono inayobonyeza valvu) nzima, uchomoe pushi-rodi (vijiti vinavyosukuma roka) na kuziviringisha juu ya kioo. Iliyopinda inakuonyesha valvu iliyokwama. Sasa gonga kichwa cha kila shina la valvu kwa nyundo ya mpira, taratibu: inayorudi juu kwa mlio mkavu ni nzima, inayobaki chini imekwama. Usipuuze hili, kwa sababu pistoni za Perkins hizi hufika karibu sana na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na valvu moja iliyobaki wazi inatosha kuzuia injini yote. Mafuta ya kupenyeza kwenye shina na kugonga-gonga kwa siku kadhaa mara nyingi huiachia. Ila iliyokwama kwa kutu itahitaji kutolewa na kusafishwa hata ikiachia, la sivyo itakwama tena injini ikipata joto.

Pistoni iliyoshikwa na kutu

Mizigo yote ikiwa nje na injini bado haisogei, toa hedi. Legeza nati kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati, ili hedi isipinde. Wapo wanaopenda kumimina mafuta kupitia matundu ya nozeli na kuacha hedi mahali pake. Sipendi njia hiyo kwenye trekta unalolitengeneza upya. Huoni kutu, huisafishi, na pistoni ikiachia inaikwangua kutu hiyo kwa ringi zake (pete za chuma zinazoizunguka pistoni).

Ukuta wa silinda juu ya pistoni ndio ulioliwa; chini ya pistoni kwa kawaida bado kuna oili. Kwa hiyo safisha kwanza juu, kwa msasa laini uliolowa oili, ukifuta ungaunga wote kwa kitambaa, kisha pistoni ianze kwa kushuka. Ikishuka, safisha sehemu mpya iliyojitokeza kabla ya kuipandisha. Ukiipandisha juu ya kutu umeirudisha kwenye mtego.

Kulowesha: changanya nusu kwa nusu asetoni na oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Vitu hivi viwili hujitenga, kwa hiyo tikisa chupa kila unapomimina. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake huwaka pia, basi fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara. Asiye na asetoni atumie dizeli na oili nyepesi, kwa subira zaidi. Mimina kiasi cha sentimita moja hadi mbili juu ya kila pistoni, weka alama ya kimo, funika. Kimo kikishuka usiku mmoja, furahi: mafuta yanapita kwenye ringi. Silinda ambayo kimo hakishuki kabisa ndiyo mgonjwa wako. Endelea kujaza kwa siku nyingi kama inabidi. Kungoja hakuvunji chochote.

Kupiga kunakuja baadaye, na kuna akili yake. Chonga gogo la mti mgumu linaloingia kwenye silinda likibakiza nafasi ndogo pembeni, bapa upande wa chini, ili lieneze pigo kwenye pistoni nzima. Chagua pistoni iliyo kati ya mwendo wake. Iliyo juu kabisa au chini kabisa haina faida kuigonga, maana nguvu inashuka moja kwa moja kwenye beringi za krenki bila kuigeuza. Kwenye silinda tatu shingo za krenki zimeachana kwa nyuzi 120: kama namba moja iko juu kabisa, mbili na tatu ziko kimo kimoja, na kugonga moja kunageuza krenki kulia, kugonga nyingine kunaigeuza kushoto. Tumia hilo. Gonga ya pili mara chache, kisha ya tatu mara chache, mapigo mafupi ya nyundo ya wastani, huku mwenzako akishikilia mpini kwenye puli kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Unatafuta mtikisiko wa milimita moja. Ukiupata, umefanikiwa: rudisha, ongeza mafuta, endelea kwenda na kurudi mpaka nafasi ipanuke yenyewe.

Kuna wanaojaza silinda grisi kupitia tundu la nozeli na kuisukuma kwa pampu ya grisi. Inafanya kazi, lakini piga hesabu kwanza. Uso wa pistoni hii ni karibu sentimita mraba 66, na shinikizo la bar 100 tu linaweka juu yake zaidi ya tani sita na nusu. Pampu ya mkono inavuka bar 100 bila jasho. Iache iwe njia ya mwisho, kwa pistoni ambayo umeshaamua kuibadilisha.

Pistoni zikiachia, usifunge hedi na kuondoka. Zitoe zote. Ringi zilizokaa kwenye kutu hushikana na mifereji yake, na ukuta wenye mashimo yanayokamata ukucha haufai. Slivu za injini hii ni kavu na nyembamba, hupresiwa ndani ya bloku. Duka la mashine litazibadilisha.

Imefungwa upya na bado ni ngumu

Hili linawatesa watu kuliko kutu. Umeweka slivu, pistoni, ringi na beringi mpya, umekaza kila kitu, na stata haiwezi. Sehemu ya ugumu huo ni haki yake, kwa sababu ringi mpya hubana. Swali ni kiasi gani, na jibu linapatikana tu kama ulipima ukifunga. Kama hukupima, fumua na urudi nami hatua kwa hatua.

Anza na krenki peke yake, bila sili ya nyuma. Paka oili, funga kepu (vifuniko) nne za mein beringi, beringi kuu zinazobeba krenki, kwa namba zake na mwelekeo wake, ukikaza moja kwa kipimo cha kitabu cha trekta lako kisha kuzungusha, halafu inayofuata. Krenki izunguke kwa mkono bila mpini. Ikishika baada ya kepu fulani, kosa liko hapo: kepu imegeuzwa, uchafu umeingia nyuma ya beringi, au beringi si saizi yake. Krenki iliyosagwa hupungua kwa milimita 0.25, 0.50 au 0.75, ambazo mafundi huita kumi, ishirini na thelathini kwa hesabu ya elfu za inchi. Beringi ya thelathini kwenye krenki ya ishirini itabana hadi igome. Soma namba iliyogongwa mgongoni mwa beringi, usiamini boksi. Angalia pia vashi za msukumo: mifereji yake ya oili itazame krenki, na krenki isogee kidogo mbele na nyuma ukiisukuma kwa bisibisi.

Ndipo uweke sili ya nyuma. Ya injini hizi za kale ni ya kamba, nusu mbili, na ikiwa mpya huongeza ugumu unaoshangaza. Igandamize vizuri kwenye nyumba yake kwa kipande cha bomba laini, ncha zichomoze kidogo tu, paka grisi ya grafaiti, pima kabla na baada. Watu wamefumua injini nzima wakitafuta kosa la beringi, kumbe ni kamba hii, ambayo hulainika yenyewe injini ikifanya kazi.

Pistoni ziingie moja moja, na mizani isomwe baada ya kila moja. Hapa ndipo daftari linalipa. Pistoni tatu zinapaswa kuongeza uzito unaokaribiana. Kama ya kwanza iliongeza kilo tatu, ya pili tatu, na ya tatu ikaongeza saba, basi ya tatu itoke. Tazama kepu ya kon-rodi kama namba zake ziko upande mmoja na za rodi. Sukuma rodi kwa kidole kando ya shingo yake. Isiposogea hata kidogo, inabana au imepinda. Pini ya pistoni itembee bila kulazimishwa. Pistoni ipashwe kwenye maji moto kabla ya kuingiza pini, isigongwe ikiwa baridi. Mwisho, ringi: kila moja iingizwe peke yake kwenye silinda yake, inyooshwe kwa kichwa cha pistoni, na mwanya wake upimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa kipenyo hiki tarajia karibu milimita 0.3. Ringi isiyo na mwanya huzunguka vizuri ikiwa baridi, kisha ikipata joto ncha zake hugongana na kung'ang'ania ukuta.

Sampu ya matrekta haya ni chuma kizito cha kalibu, na injini yenyewe ndiyo inayobeba mwili wa mbele wa trekta. Egemeza trekta kwa magogo au stendi pande zote mbili kabla ya kulegeza boliti yoyote ya chini. Jeki peke yake haitoshi.

Kuwasha

Tapeti ziwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kizimio kikiwa kimevutwa, zungusha kwa stata kwa vipindi vya sekunde kama kumi, ukipumzisha, mpaka geji ya oili ipande. Injini mpya ni ngumu, kwa hiyo betri iwe yenye nguvu na nyaya ziwe nene na safi. Stata nyingi hulaumiwa kwa kosa la waya wa athi ulioota kutu.

Weka ubao mpana karibu na mdomo wa hewa, kisafisha hewa kikiwa kimetolewa. Mafuta yaliyobaki kwenye silinda na manifoldi yanaweza kuwa dizeli ya pili, injini ikapanda mbio hata ukivuta kizimio. Ikitokea, funika mdomo huo kwa ubao. Usitumie mkono wala kitambaa. Kitambaa kinavutwa ndani.

Ikiwaka, iache kwa mwendo wa wastani, shika bloku, sikiliza. Ikianza kulemewa na kupunguza mwendo yenyewe kadiri inavyopata joto, izime papo hapo na uiache ipoe, kwa sababu kuna kitu kinachobana kikitanuka. Ikienda vizuri hadi joto la kawaida, zima, kaza hedi tena kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipimo chake, weka tapeti milimita 0.25 ikiwa ya moto, na mwaga oili hiyo ya kwanza mapema, maana imebeba unga wa ringi na mabaki ya kulowesha.

Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, toa nozeli na ufunge mizani kwenye mpini kama mwanzo. Namba ikiwa chini kuliko ya siku ya kufunga, rudisha nozeli na ulipatie trekta kazi nyepesi, trela tupu kabla ya jembe. Ikiwa juu, usiliwashe tena. Fungua sampu uanze na kon-rodi ile iliyokuwa nzito zaidi kwenye daftari.